Kilemba cha Mfalme na Sanduku la Bibi

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Nataka kutoa maoni yangu juu ya jambo ambalo wengi wataliona dogo, yaani masanduku. Sisemi masanduku ya kura wala ya maiti, bali yale ambamo watu wa nyumba huweka vitu wanavyoviheshimu kuliko vingine. Nitaanzia mbali, Bara Hindi, nipite Zanzibar, kisha nifike kwetu Shinyanga na Geita, ambako ndiko kwenye wasiwasi wangu.

Wafalme wa Mughal walitawala sehemu kubwa ya Bara Hindi tangu 1526 hata 1857, ingawa katika miaka mia ya mwisho walikuwa wafalme wa jina zaidi kuliko wa nguvu. Katika mabaraza yao kilemba hakikuwa kitambaa cha kujikinga na jua. Kilikuwa heshima yenyewe ya mtu. Mfalme alipotaka kumtukuza mtumishi wake alimpa mavazi rasmi yaliyoitwa khilat, na kilemba kilikuwa miongoni mwake. Kumvua mtu kilemba mbele ya watu ilikuwa fedheha ambayo wengine hawakuisahau mpaka kufa. Mwingereza Thomas Roe, balozi aliyekuwa katika baraza la mfalme Jahangir tangu 1615 hata 1619, aliandika aliyoyaona kwa macho yake: kilemba cha mfalme kilichomekwa manyoya marefu ya ndege, upande mmoja kikaning'inia kito chekundu kikubwa kama kokwa la tunda, upande wa pili almasi ya ukubwa ule ule, na katikati zumaridi yenye umbo la moyo iliyozishinda zote mbili.

Sasa kilemba cha namna hiyo, kilichokwisha kufungwa na kupambwa, huwezi kukikunja kama shuka ukakisukuma chini ya kitanda. Chahitaji sanduku lenye kina na kifuniko, ili mikunjo isivunjike na vito visichubuke. Na kwa kuwa kilichokuwa ndani kilikuwa heshima, sanduku nalo likatiwa heshima. Mafundi wa zama zile walikuwa hodari wa kazi hiyo. Wale wa Gujarat walitengeneza masanduku ya mbao yaliyofunikwa vipande vidogo vidogo vya gamba la chaza, vikang'aa kama maji ya ziwa wakati wa jua kuchwa, na kazi yao ilisafirishwa hata Uturuki na Ureno.

Mimi nimependa picha za masanduku hayo, lakini kuna habari nyingine niliyoipenda zaidi. Mfalme Akbar, baba yake Jahangir, aliyetawala tangu 1556 hata 1605, alikuwa na waziri aliyeitwa Abul Fazl. Waziri huyu aliandika kitabu kikubwa kiitwacho Ain-i-Akbari, na ndani yake akaeleza, pamoja na mambo ya kodi na jeshi na jikoni, jinsi ghala ya mavazi ya mfalme ilivyotunzwa. Kila nguo iliyonunuliwa, iliyofumwa kwa amri, au iliyoletwa zawadi, ilihifadhiwa kwa utaratibu wa siku ilipoingia, kisha ikatolewa tena kwa utaratibu ule ule ili ikaguliwe. Tazameni jambo hili. Mfalme mwenye mali isiyo na hesabu hakuridhika kuvifungia vitu vyake. Alitaka vijulikane vimeingia lini, na alitaka vitolewe vitazamwe.

Sisi wa bweni twaijua desturi hiyo, maana kila Jumamosi mwalimu wa bweni hutufungulisha matranka. Tofauti ni kwamba yeye hutafuta simu na vitu vya magendo, na akipata sukari iliyozidi huitazama kwa jicho la huruma.

Wasimulizi husema kwamba mwaka 1739, Nadir Shah wa Uajemi alipoiteka Delhi, aliambiwa kwamba almasi kubwa ya Koh-i-noor imefichwa ndani ya kilemba cha mfalme Muhammad Shah, naye akamwalika wabadilishane vilemba kwa desturi ya udugu. Wataalamu wengi hawaiamini hadithi hiyo, na mimi nadhani wana haki, kwani mtu aliyekwisha kuuteka mji hana haja ya hila za kubadilishana vilemba. Lakini yaonyesha watu walivyokifikiria kilemba: hata almasi ilipata cheo kwa kukaa ndani yake.

Kwa njia ya bahari mambo haya yametufikia pia sisi wa Afrika ya Mashariki. Majahazi ya kutoka Gujarat na Bombay yalileta Zanzibar na Lamu masanduku makubwa ya msaji yaliyopigwa njumu za shaba, yenye vitoto vya meza chini na kisanduku kidogo ndani kwa ajili ya dhahabu. Hata leo wauzaji wa Zanzibar huyaita kwa majina ya bandari, hili la Surat, lile la Bombay. Ndani yake ziliwekwa kanga, majoho na vilemba, pamoja na udi na asumini ili nguo inukie. Watu wa pwani mpaka leo hawakitupi kichwani kitu ovyo: kofia ya mkono ikishafuliwa huvishwa faruma, yaani kigogo cha mti kilichochongwa mfano wa kichwa, ili isipoteze umbo lake. Na lugha yetu yenyewe imehifadhi heshima hiyo. Mwanafunzi wa ufundi akihitimu hutoa kilemba kwa fundi wake, nacho huwa fedha wala si kitambaa. Katika posa baba wa binti hupewa kilemba. Na mtu akisifiwa sifa za uwongo twasema amevikwa kilemba cha ukoka, maana ukoka hunyauka kabla ya jioni.

Sasa nafika kwetu. Mtemi wa Kisukuma hakufunga kilemba cha kitambaa. Alama zake zilikuwa nyingine: ngozi ya simba, ngoma, kiti, na visahani vyeupe vya simbi ya baharini vilivyofungwa shingoni au kwenye paji la uso. Simbi hiyo ilitoka Bahari ya Hindi, ikabebwa vichwani na wapagazi miezi mingi mpaka huku, na kwa hiyo ilikuwa na thamani kama kito cha Jahangir. Mahali pa mtemi paliitwa ikulu, na neno hilo Serikali yetu imelichukua kwa nyumba ya Rais. Mtemi mwenyewe ameitwa hivyo kwa sababu ya kutema, wengine wasema kutema msitu, wengine kukata mashauri. Hakutawala peke yake. Walikuwako wazee wa baraza walioitwa banang'oma, ambao walichagua mtemi, wakamwonya, na wakatunza vitu vya utemi wakati kiti kilipokuwa kitupu. Hao banang'oma ndio waliokuwa walinzi wa sanduku.

Mwaka 1963 sheria iliondoa utawala wa machifu. Sisikitiki kwa ajili hiyo, kwani nchi moja haiwezi kuwa na watawala mia. Lakini sheria iliondoa cheo tu, haikusema lolote lenye kumsaidia mzee aliyebaki na ngoma ndani ya nyumba ya nyasi. Vitu vingine vilibahatika. Huko Bujora, karibu na Kisesa kwenye barabara ya kutoka Mwanza kwenda Musoma, Padre David Clement kutoka Kanada alianza katika miaka ya 1950 kukusanya vitu vya Wasukuma, na leo kuna makumbusho yenye jengo lililofanywa kwa mfano wa kiti cha mtemi. Ni hapo hapo Kisesa, mwezi wa Septemba 2021, ambapo machifu walimtawaza Rais Samia Suluhu Hassan na kumpa jina la Hangaya, yaani nyota ing'aayo. Watu walifurahi sana kuona mavazi ya kale siku ile. Nami nilifurahi, ila nilijiuliza: mavazi hayo yalipokuwa hayaonekani, yalikuwa wapi, na nani aliyazuia mchwa?

Maana si kila kitu kilikwenda Bujora. Vingi vimo katika nyumba zetu, Kishapu, Msalala, Bukombe, Nyang'hwale, ndani ya matranka ya bati yenye maua mekundu yaliyopakwa rangi, chini ya kitanda cha bibi wa mtu. Najua, kwa kuwa mojawapo limo nyumbani kwetu.

Baba yake babu alikuwa mnang'oma. Katika tranka la bibi kuna kisahani cha simbi chenye kamba nyeusi, kipande cha ngozi ambacho manyoya yake yamekwisha nusu, usinga, na karatasi mbili za wakati wa Mwingereza zilizokunjwa mara nne. Bibi ameliinua tranka juu ya mawe matatu ili mchwa wasilifikie, na humwaga ndani majani makavu ya mwarobaini. Hapana shaba wala gamba la chaza. Lakini niwaambie kwamba kwa kazi ya kutunza, bibi hana la kujifunza kwa watu wa Akbar, isipokuwa moja: hakuna lililoandikwa. Yote yamo kichwani mwake, na bibi amepita miaka themanini.

Mwaka uliopita alikuja mtu kwa pikipiki, mgeni, akasema ananunua vitu vya zamani. Akataja bei ya ile simbi. Baba yangu mdogo, ambaye ni mchimbaji mdogo upande wa Geita, alikuwapo. Yeye na wenzake wana duara lililofika mwambani, na wanalipa fedha nyingi kusagiwa mawe kwenye karasha la mtu mwingine. Alisema maneno ambayo sikuweza kuyajibu siku ile: simbi hii imekaa giza miaka sitini, haijamlisha mtoto hata mmoja, nayo yaweza kununua nusu ya karasha. Bibi alifunga tranka akaketi juu yake. Mgeni akaondoka, akaacha namba ya simu. Shauri hilo halijakwisha katika ukoo wetu.

Naomba msimdhanie vibaya baba mdogo. Si mlevi wala mpotevu. Amesomesha watoto wa ndugu zake, nami nikiwa mmoja wao, na viatu ninavyovaa nikiandika haya amenunua yeye. Mtu anayeshuka chini ya ardhi kwa kamba ana haki ya kuuliza kitu kilichomo sandukuni kina faida gani. Kwa hiyo nitajaribu kumjibu kwa heshima, yeye na wengine wenye maoni kama yake.

Kwanza bei. Sisi wa sehemu hizi yatupasa kuwa watu wa mwisho kudanganywa juu ya thamani ya kitu, kwani tumekwisha kuona. Mwaka 1947 katika mgodi wa Mwadui, hapa hapa Shinyanga, ilipatikana almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5. Dakta John Williamson, aliyegundua mgodi huo mwaka 1940, aliitoa kuwa zawadi ya harusi ya Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Ilikatwa London ikabaki karati 23.6, na mwaka 1953 ikatiwa katikati ya ua la almasi la kubandika kifuani. Ua hilo lina mahali pake, lina habari zake zilizoandikwa, na kila mtu anayelitazama huambiwa kwamba jiwe lilitoka Mwadui. Wamefanya vile vile kama watu wa Akbar. Thamani ya kito kile ni jiwe pamoja na habari zake. Basi na simbi yetu ni hivyo hivyo. Ikiondoka kwa pikipiki bila jina la baba yake babu, bila jina la mtemi aliyemvika, bila mwaka, itakuwa gamba la konokono wa baharini. Mgeni yule alitaja bei ya gamba. Habari hakuziuliza hata moja, na nadhani huko mbele ataziunga za kwake.

Tazama dhahabu. Tangu mwezi wa Machi 2019 Geita ina soko la madini, na mchimbaji akipeleka dhahabu yake, hata iwe kidogo kama punje ya mtama, hupimwa na kuandikwa. Baba mdogo mwenyewe huisifu sana mizani ile, kwa sababu zamani walanguzi waliwapunja. Nami namwuliza: mbona kwa dhahabu wataka mizani na kitabu, na kwa simbi ya babu zako wamwamini mtu wa pikipiki? Tena kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, ambayo haikubali vitu vya namna hii vipelekwe nje ya nchi bila kibali. Mtu anayekuja jioni na kuondoka kabla ya mwenyekiti wa kijiji hajasikia, sidhani kibali anacho.

Pili dini. Wenzangu kadhaa bwenini wameniambia vitu hivyo ni vya mizimu, na afadhali vichomwe. Siwezi kuwatukana, kwani hata kwetu wako jamaa waliochoma. Lakini mnang'oma hakuwa mganga. Simbi ilikuwa alama ya kazi, kama beji ya kiranja mkuu wetu, ambaye akimaliza kidato cha nne hairudishi kwa kuwa ina pepo, bali kwa kuwa kazi imekwisha. Asiyetaka kuivaa asivae. Kuitunza si kuiabudu.

Tatu, na hili ndilo lenye nguvu, wako wasemao watemi wenyewe hawakustahili kukumbukwa, kwa sababu waliwakusanyia Wajerumani na Waingereza kodi na kuwalazimisha wazee wetu kazi. Ni kweli wengi walifanya hivyo. Bibi mwenyewe ana habari moja ya ng'ombe waliochukuliwa ambayo akiisimulia hawezi kula. Lakini Wahindi nao walitozwa kodi nzito na wafalme wa Mughal, na mkulima wa Hindi hakupata hata kivuli cha zumaridi ile. Pamoja na hayo vitu vyao vimewekwa vionekane, na mtu akivitazama aweza kusema, huu ndio ulikuwa mzigo wa babu zangu. Tukichoma simbi na kuuza ngoma, habari ya wale ng'ombe itashikwa na nini? Katika yale makaratasi mawili ya bibi moja ni stakabadhi ya kodi.

Sasa shauri langu, maana sipendi mtu aandikaye malalamiko matupu. Wengine watasema tupeleke vyote makumbusho. Sikubaliani nao kabisa. Makumbusho ni mazuri, lakini Beit al-Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883 na ambayo ilifanywa makumbusho, sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020. Nyumba kubwa nayo huanguka. Tena bibi hatakubali, na mimi sitamlazimisha.

Nataka tuanze na daftari. Likizo hii kila mmoja wetu aliye na bibi au babu hai aombe tranka lifunguliwe, kwa ruhusa na kwa adabu, mchana, si kwa kunyemelea. Aandike kila kilichomo: ni kitu gani, nani alikitengeneza kama yajulikana, nani alikivaa na siku gani, kilipatikana kwa njia gani, mara ya mwisho kilitolewa lini. Achore umbo lake kwa kalamu ya risasi. Kitu chenyewe kibaki nyumbani, tusije tukaleta simba bwenini. Daftari moja libaki kwa wazee, nakala iletwe shuleni, na Chama cha Historia kizihifadhi katika kabati la maktaba lile lenye kioo, ambalo kwa sasa lina kombe moja la mpira wa mikono la mwaka 2011 na buibui. Mwalimu wa historia nimekwisha kumwomba. Hakukataa. Aliuliza ufunguo wa kabati uko wapi, na mpaka naandika haya unatafutwa.

Kwenu wazazi nina ombi moja. Mtoto akija na kalamu msimwambie haya si mambo ya watoto. Mmetupeleka shule tujue kuandika, na hapa pana kazi ya kuandika ambayo hakuna mtihani wa Taifa utakaoifanya kwa niaba yetu. Kama ndani ya sanduku kuna jambo la siri la ukoo, tuambieni ni siri, nasi tutaruka mstari.

Kikao cha ukoo wetu kimewekwa mwezi wa sita, pamba ikishauzwa. Baba mdogo amesema atakuja na hesabu zake za karasha, na mimi nimeahidi kuziandika ukurasa wa kwanza kabla ya simbi, ili haki itendeke kwa wote wawili. Bibi ameagiza nije na daftari la kurasa mia mbili, jalada gumu, lisiwe na picha ya mchezaji wa mpira.